Msipanue semina, panueni ile saa moja ya mkekani

Ndugu Mhariri, salaam na pole na kazi.

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo moja kuhusu malezi ya watoto wadogo maana nimekaa nalo muda mrefu, na kila nikisikia redioni kwamba elimu ya malezi sasa inapelekwa nchi nzima nafurahi kweli alafu hapo hapo nashikwa na wasiwasi. Mi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, niko kijiji kimoja wilaya ya Kilosa mkoa wa Morogoro, na kwa miaka kadhaa kazi yangu kubwa ilikuwa kuingia kwenye nyumba zenye watoto wa chini ya miaka mitatu na kukaa na mama zao mkekani. Kwaiyo naandika kama mtu aliyeikanyaga hii kazi kwa miguu yake.

Nianze na nyumba moja. Mama wa mtoto wa mwaka na miezi miwili, kaya yao iko TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nyumba ya tope ya vyumba viwili na mwembe mkubwa mbele. Nilipofika alikuwa kakaa mlangoni anapukuchua mahindi, mtoto kalazwa kwenye kanga pembeni, kimya kabisa. Nikamuuliza habari za mtoto akaniambia kwa kujivunia, huyu mpole dada, hasumbui, hata ukimwacha asubuhi mpaka mchana hutasikia kilio. Nikatoa chupa yangu ya maji niliyoitia punje za mahindi nikaitikisa kama kayamba, mtoto akageuza shingo, nikatikisa tena nikaisogeza mbali kidogo, akaanza kutambaa kuifuata, nikamwachia akaishika akaipiga chini akacheka. Nilicheza naye karibu saa nzima, nikatoka pale najiona nimefanya kazi.

Siku hiyo nilikuwa na msimamizi wangu, nesi wa zahanati, mama mtu mzima ambaye alikuwa anatufuata nyumbani kwa watu mara moja kwa mwezi aone tunavyofanya. Tulipofika chini ya mwembe wa jirani akasimama akaniambia, mwanangu umecheza vizuri sana na yule mtoto, sasa niambie mama yake muda wote huo alikuwa anafanya nini. Nikafikiri. Alikuwa anapukuchua mahindi. Akaniuliza, wewe unarudi wiki ijayo, hizi siku sita katikati nani atacheza naye?

Sikuwa na jibu. Na nilikuwa nimeshahudhuria semina mbili za malezi kabla ya siku ile, cheti ninacho, na kwenye semina zote mbili tulifundishwa umuhimu wa ubongo wa mtoto kukua miaka ya mwanzo, tulifundishwa siku 1000 za mwanzo, yaani tangu mimba mpaka mtoto afike miaka miwili, tulifundishwa mambo matano ya malezi jumuishi yaani afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali na ulinzi na usalama, yote nilikuwa nayajua kichwani. Ila hilo la kumwachia mama chupa ashike yeye nikakaa kando nililijua pale chini ya mwembe kwasababu kuna mtu alikuja akaniangalia nafanya.

Wiki iliyofuata nikampa mama ile chupa. Akaona aibu, akajifunika mdomo na kanga, akasema mtoto mwenyewe hata kuongea hajui sasa namwongelesha nini. Nikamwambia mwambie unachofanya, wewe si unapukuchua, mwambie. Akaanza kidogo kidogo, tunapukuchua mahindi, hili gunzi, shika gunzi, na mtoto akalishika kweli akalipeleka mdomoni, mama akacheka, mtoto akamtazama usoni akacheka na yeye. Hakuacha kazi yake hata dakika moja, mahindi yaliendelea kupukuchuliwa. Baada ya miezi mitatu hivi nikiwa napita tu njiani naenda kisimani nikasikia ananiita, dada njoo uone, nikaingia nikakuta yule mtoto mpole asiyesumbua anatumbukiza magunzi kwenye sufuria moja moja na kila likiingia anajipigia makofi na kumtafuta mama yake kwa macho. Na kelele juu. Mama yake alikuwa haamini na kusema kweli hata mimi.

Hiyo ndo saa moja ninayoizungumzia. Ni mtu mmoja anayefahamika kijijini, anayerudi kila wiki au kila baada ya wiki mbili kwenye nyumba hiyo hiyo, na nyuma yake kuna mwingine anayemfuata kumrekebisha. Ukikiangalia kwa nje ni kitu kidogo kabisa.

Alafu mradi ukaisha. Siutaji maana sina nia ya kumgombeza mtu, na waliouleta walikuwa watu wazuri, lakini uliisha kama miradi yote inavyoisha, wakaja wakapiga picha wakatushukuru wakatuachia mabegi. Hela ya mafuta ya msimamizi ikakatika, yule nesi akabaki zahanati kwasababu pale alikuwa peke yake na foleni ya wagonjwa. Baadaye tukaambiwa huduma sasa inapanuliwa, inafika vitongoji vyote, tukafurahi. Kupanuliwa kwenyewe kulikuwa hivi, sisi tuliokuwa na nyumba ishirini na kitu kila mmoja tukapewa zaidi ya mia, kazi zikawa malaria, kifua kikuu, chanjo, vyoo, uzazi wa mpango, lishe, wajawazito, na mstari wa mwisho kabisa wa fomu umeandikwa elimu ya malezi imetolewa, ndiyo, hapana. Na semina ya siku mbili kwenye ukumbi wa kata, watu 60, kwenye ripoti wakaandikwa wamefikiwa.

Mhariri nakwambia ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu. Ule mstari wa mwisho nimeutiki mimi kwa mkono wangu, nyumba nyingi sana, nikiwa nimesimama mlangoni, nimeuliza mtoto hajambo, wanacheza, wanacheza, haya asante, nimetiki ndiyo. Jua limezama nina nyumba nyingine nane nifanyeje. Na nilipita hivo hivo hata kwenye ile nyumba ya magunzi. Kwenye makaratasi ya wilaya malezi yalipanda, maana nyumba zenye tiki zilikuwa nyingi kuliko zamani. Huku chini yalikuwa yamekufa. Linaniuma mpaka leo, na ndo limenifanya niandike.

Nilidhani labda ni shida ya kwetu tu. Sasa kuna kijana wa kijijini alikuwa anasoma chuo, akanitolea makala kadhaa kuhusu nchi nyingine akanitafsiria, nikakuta hii hadithi inafanana kila mahali.

Kule Jamaika, mjini Kingston, mwaka 1986 na 1987, watafiti wakiongozwa na daktari Sally Grantham-McGregor waliwaandikisha watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 mpaka 24, kutoka mitaa ya watu wa hali ya chini. Wakawagawa mafungu manne, fungu moja likapewa maziwa ya unga kila wiki, lingine likatembelewa nyumbani saa moja kila wiki kwa miaka miwili, lingine likapata vyote viwili, na la mwisho halikupata chochote katika hivyo. Waliokuwa wanatembelea walikuwa wahudumu wa afya wa jamii kama sisi, na vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa makopo, maboksi na vitambaa. Watoto wakafuatiliwa mpaka wakawa watu wazima. Wakiwa na miaka 22 hivi, waliotembelewa walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa, na walikuwa wamewafikia wale ambao utotoni hawakudumaa. Walipofika miaka 31 tofauti ilikuwa imefika asilimia 37. Maziwa yalisaidia mwanzoni lakini ukubwani alama yake haikuonekana. Nilikaa nikapiga hesabu, miaka miwili ni wiki 104, saa 104, ukiziunganisha hazifiki hata siku tano kamili. Siku tano za kukaa mkekani zimemfuata mtu miaka 30!

Basi dunia nzima ikasema tufanye hivyo. Na ni haki, maana mwaka 2016 jarida la Lancet lilikadiria watoto milioni 250 wa chini ya miaka mitano kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani asilimia 43, wako kwenye hatari ya kutofikia uwezo wao kwasababu ya umaskini na udumavu. Mwaka huo huo Brazil wakaanzisha mpango unaitwa Criança Feliz, maana yake mtoto mwenye furaha, wa kutembelea familia maskini nyumbani, na ukaenea haraka mpaka ukafika manispaa karibu elfu tatu, hakuna mpango wa namna hiyo duniani uliokuwa mkubwa kama huo. Ulipopimwa kwenye manispaa 30, watoto waliokuwa kwenye mpango na ambao hawakuwemo hawakuonyesha tofauti ya maendeleo. Walipochimba sababu wakakuta ziara zilikuwa chache kuliko zilivyopangwa, watembeleaji wana mzigo mkubwa na malipo madogo na wanabadilika badilika, na usimamizi dhaifu. Nilisoma hapo nikasema hawa wamekuja kijijini kwetu lini.

Peru na wao mwaka 2012 walianza mpango unaitwa Cuna Más, wakautumia ule ule mtindo wa Jamaika kwa familia za vijijini, wakapata faida, ndogo kuliko ya Jamaika lakini ya kweli, kwa makumi ya maelfu ya watoto. Kwaiyo kupanua kunawezekana, nisije nikaeleweka kwamba nasema tubaki na vijiji vichache vya maonyesho. Tatizo liko kwenye kipi kinapanuliwa. Ukinyoosha unga wa ugali mmoja ili wale watu mia utapata uji, na mtu mzima huwezi kumwambia ameshiba ugali.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania tuna bahati ambayo nchi nyingi hazina. Desemba 2021 serikali ilizindua pale Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile watu wanaiita PJT-MMMAM, ya mwaka 2021/22 mpaka 2025/26, ikawaweka wizara mbalimbali na wadau meza moja kwa ajili ya mtoto wa miaka 0 mpaka 8. Alafu Januari 2024 ukazinduliwa mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano, wawili kila kitongoji na kila mtaa. Na TASAF iliandikisha kaya zaidi ya milioni moja ambazo zinajulikana kwa majina na ziko kwenye daftari la kijiji. Yaani mpango upo, watu wa kutembea wanaandaliwa, na nyumba zinazohitaji zaidi zinajulikana. Vitu hivi vitatu vikikutana kwenye mkeka mmoja hatuna haja ya kubuni kitu kingine chochote. Ila vikikutana kwenye fomu tu, tutakuwa tumeifanya Kilosa yetu kuwa nchi nzima.

Ninachoomba kwanza ni kuhusu mzigo. Wahudumu wawili kila kitongoji ni wengi, kuliko tulivyowahi kuwa nao, basi mmoja wao kati ya hao wawili apewe malezi kama kazi yake kuu kwa nyumba zenye watoto wa chini ya miaka mitatu, na nyumba hizo ziwe idadi ambayo mtu mwenye shamba na watoto wake anaweza kuzizungukia. Kwetu ishirini niliziweza. Thelathini labda. Mia hakuna mtu anaziweza, atakayesema anaziweza anatiki mlangoni kama nilivyotiki mimi. Na alipwe, alipwe kwa wakati, kwasababu kujitolea kuna mwisho, mwezi wa palizi mhudumu asiye na posho anaenda shambani kwake na hana kosa. Wenzetu Kenya mwaka 2023 waliwaweka wahudumu wao wa jamii karibu laki moja kwenye posho ya shilingi zao 5,000 kwa mwezi, serikali kuu na kaunti wakigawana, si hela ya kutajirisha mtu lakini angalau kuna mahali pa kuanzia kudai.

Pili, na hapa ndo moyo wangu ulipo, ni msimamizi. Sisemi ofisa wa kuja na gari kukagua daftari la wageni, nasema mtu kama yule nesi, anayekaa kwenye mkeka ule ule anaangalia alafu mkitoka anakuuliza swali moja. Kutoka zahanati mpaka kitongoji chetu cha mwisho bodaboda ni shilingi elfu tano kwenda na kurudi. Akiwa na wahudumu kumi akamfuata kila mmoja mara moja kwa mwezi ni elfu hamsini, kwa mwaka laki sita. Ile semina ya watu 60 pale ukumbini, posho tu ya elfu kumi kumi ilikuwa laki sita, sijahesabu chakula, sijahesabu ukumbi wala bango lenye picha. Siku mbili zile zingemlipia msimamizi mwaka mzima. Naomba wanaopanga bajeti wakae na hiyo hesabu.

Na hela ya kudumu inawezekana, mbona kwenye lishe tumeweza. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwenye bajeti kwa ajili ya lishe, mkuu wa mkoa anasaini mkataba na anaulizwa. Udumavu ulishuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 mpaka 30 mwaka 2022, bado ni mkubwa lakini umeshuka. Malezi nayo yawe na shilingi yake inayoulizwa, isiwe ya kusubiri mfadhili aje na begi.

Kuna wanaosema, nimeshaambiwa uso kwa uso na mheshimiwa mmoja, watu wana njaa wewe unawaletea habari za kucheza. Naelewa kwanini anasema hivo na kwenye nyumba yenye njaa mi naanza na njaa, namwandikisha, nampeleka zahanati, namwambia mwenyekiti wa kitongoji. Lakini angalieni Iringa, mwaka 2022 watoto waliodumaa walikuwa asilimia 56.9, Njombe na Rukwa nako karibu nusu, na hiyo ndo mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Chakula kipo shambani na mtoto amedumaa nyumbani. Mama anatoka alfajiri anarudi jioni, mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba na uji wa asubuhi uliopoa, hakuna wa kumwangalia usoni akajua sasa ana njaa, sasa anaumwa, sasa anataka kuongea. Kumlisha mtoto vizuri na kumwongelesha ni kazi ya mikono ile ile na macho yale yale, sijui kwanini zimetenganishwa kwenye maofisi.

Pia sing'ang'anii kwamba lazima kila nyumba itembelewe. Kenya magharibi walijaribu kwenye vijiji 60 mpango unaitwa Msingi Bora, mama na watoto wao wanakutana kwa vikundi kila baada ya wiki mbili wakiongozwa na wahudumu wa jamii wa hapo hapo kijijini, na vikundi peke yake vikaleta maendeleo mazuri kwa watoto, kwa gharama ndogo. Hata kwetu hilo naliona linawezekana kwasababu kaya za TASAF zina vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana ambavyo vinakutana kila wiki, kina mama wameshakaa, wanaaminiana, watoto wako mgongoni. Nusu saa ya kucheza na watoto kabla ya kuhesabu hela inatosha. Ila msije mkafanya siku ya malipo ya TASAF yenyewe kama nilivyosikia wengine wanapendekeza, siku ile mama anawaza deni la dukani na daftari la mtoto wa darasa la nne, hata umwimbie hakusikii. Na mtu yupo nyumbani mwenye mtoto mlemavu au aliyefichwa, huyo kwenye kikundi hutamuona, huyo lazima umfuate kwake.

Nisiwasahau kina baba. Mwongozo mwingi tuliopewa ulikuwa na picha za mama tu, na baba akikukuta kwake anakaa mbali anasubiri uondoke. Nilikuwa na baba mmoja wa bodaboda, kila nikienda anaosha pikipiki. Siku moja mtoto akamfuata, wa mwaka na nusu, nikamwambia mke wake tumwache. Akambeba akamkalisha kwenye tenki, akaanza kumwonyesha, hii taa, hii breki, hii honi, mtoto akaibonyeza honi akashtuka akabonyeza tena, na baba akasema kwa sauti kubwa mpaka jirani akasikia, mwanangu fundi huyu. Tangu siku ile wakati wa kuosha pikipiki ulikuwa wa wawili. Rwanda wao mpango wao wa Sugira Muryango umelenga familia nzima tangu mwanzo, baba ndani, na ugomvi wa mume na mke unazungumzwa pale pale kwasababu mtoto hawezi kukua vizuri kwenye nyumba ya kipigo, na walipotaka kuupanua wakatumia wale wanaoitwa Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia, watu wa kujitolea ambao tayari wapo kila kijiji. Na pia bibi. Huku kwetu watoto wengi wanalelewa na bibi, mama yao yuko Dar anafanya kazi za ndani, bibi ana hadithi na nyimbo kuliko vitini vyetu vyote, ukimwendea na somo kama hajui kitu anakunyamazia. Mwombe aimbe, mtoto asogee, kazi yako imekwisha.

Sasa mwaka wa fedha 2025/26 ulikuwa wa mwisho kwenye ile programu ya taifa na lazima kitapangwa cha kufuata. Ombi langu kwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na kwa TAMISEMI inayosimamia serikali za mitaa na Wizara ya Afya, mkikaa kuhesabu msianze na wangapi wamefikiwa. Ulizeni nyumba ngapi zilitembelewa na mtu yule yule kwa miezi kumi na miwili, ulizeni msimamizi alikaa kwenye mikeka mingapi. Mkiona mwaka wa kwanza hela inatosha wilaya tano tu kwa ubora, anzeni na hizo tano, mwaka unaofuata ongezeni. Najua mbunge wa wilaya ya sita atalalamika. Alalamike kidogo, kuliko tufike wilaya zote na tiki.

Na kama hilo ni kubwa basi naomba dogo, hili halina hata gharama ya kuchapisha. Kwenye fomu yetu futeni ule mstari wa elimu ya malezi imetolewa ndiyo au hapana, mahali pake andikeni swali, mama au mlezi alicheza nini na mtoto wewe ukiwa umekaa unaangalia, alafu acheni mistari miwili mitupu. Swali hilo huwezi kulijibu ukiwa umesimama mlangoni. Mi jibu langu la kwanza ninalo, kwasababu mwezi uliopita nilirudi kwenye ile nyumba ya mwembe, yule mtoto wa magunzi yuko darasa la awali na ana mdogo wake wa miezi minane, na nilimkuta mama amekaa mlangoni anapukuchua, mtoto kamweka katikati ya miguu, anamwambia shika gunzi.

Wako katika kazi,
Mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
Kilosa, Morogoro.